Faili Lilisema Garissa

Kwenye karatasi za jeshi, baba yangu alizaliwa Garissa mwaka 1946, na jina la babake limeandikwa kwa th. Kwenye kitambulisho chake alizaliwa Garsen mwaka 1942, na jina lilo hilo limeandikwa kwa dh. Kwetu hapakuwa na utata wowote: ni Sajini, mzee wa pale kwenye miembe, ukivuka mto unamwona. Lakini kwa ofisi iliyokuwa ikimlipa pensheni hao walikuwa watu wawili, na mmoja wao alishukiwa kula jasho la mwenziwe.

Jina lenyewe sitalitaja. Baba alichoshwa na watu kulivuruga, na sioni sababu ya kulitembeza tena. Tosha kusema ni jina la Kipokomo, la jamii moja na akina Dhadho, lenye ile dh ambayo kila mtoto kutoka Ngao hadi Hewani huitamka hata kabla meno hayajakamilika. Mzungu wa Keya, jeshi la kikoloni la King's African Rifles, aliisikia akaandika d. Ndivyo babu yangu alivyoandikwa wakati wa vita vya Mtaliani. Karani wa Kenya huru, aliyelelewa milimani, aliandika th, kwa kuwa ndivyo sauti hiyo inavyoandikwa kwao. Siwalaumu sana. Kila mmoja aliandika kwa masikio aliyokulia nayo. Ila kosa la sikio hupita, la kalamu hubaki kwenye faili, na anayetakiwa kulijibia ni yule ambaye hakuishika kalamu.

Baba aliandikwa jeshi mwaka 1965, mjini Mombasa. Alikuwa ameshuka kutoka Tana kutafuta vibarua Kilindini, akilala kwa mjomba wake Majengo. Siku ya kuandikisha, vijana walijipanga uwanjani tangu alfajiri, wamevua mashati. Palikuwa na afande wa kupima urefu, mwingine wa kukagua kifua na nyayo, na mwisho kabisa meza moja yenye karani. Baba alipenda kutuigizia mazungumzo yale, sauti ya karani akiitoa puani:

“Kwenu wapi?”

“Garsen, afande.”

“Garissa?”

“Garsen.”

“Ndiyo. Garissa. Umezaliwa lini?”

“Mwaka siujui, afande. Baba alikuwa Keya.”

“Keya ilikuwa ya miaka mingi. Fungua mdomo.”

Karani akatazama meno, akaandika 1946. Nyuma ya baba palikuwa na msururu wa vijana ambao wangefurahi mno kumwona akitolewa kwa ubishi. Kosa aliliona. Alikuwa amesoma madarasa manne katika shule ya misheni Ngao, kwa hiyo aliliona vizuri kabisa, la jina na la kwao. Akatia sahihi.

Akapelekwa Lanet, Nakuru, akajifunza baridi kabla ya kujifunza bunduki. Kuna jambo moja la Lanet alilolisimulia mpaka uzeeni. Asubuhi ya kwanza bendera ilipopandishwa na wimbo wa taifa kupigwa, alijikuta macho yanamlegea pale pale kwenye mstari. Tuni ile ni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Kipokomo; kamati iliyoutunga wimbo wa taifa mwaka 1963 iliichukua kwa Mzee Meza Moroa Galana, ikaitilia maneno mapya. Mama zetu wamelaza watoto kwa tuni hiyo tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na baba alilazwa kwayo. Basi kila siku jeshi lilimwamsha kwa wimbo wa kwao, huku faili lake likiwa kabatini likisema kwao ni kwingine. Siku hizo hilo lilimchekesha. Kuudhika kulikuja baadaye.

Na Garissa ya miaka ile haikuwa jina la kubandikwa mtu bure. Vita vya Shifta, vya Wasomali wa huko waliotaka kujiunga na Somalia, vilikuwa vimeanza 1963, vikaendelea hadi Kenya na Somalia zilipopatana Arusha mwezi wa Oktoba 1967, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Kanuni za dharura za mwaka 1966 zilihusu Mkoa wa Kaskazini Mashariki pamoja na wilaya za jirani: Isiolo, Marsabit, Lamu, na Tana River yetu. Hazikufutwa hadi 1991. Askari aliyeandikwa mzaliwa wa Garissa aliangaliwa mara mbili. Kikosi cha baba kilipopelekwa huko, wenzake walimtania, haya bwana, umeletwa nyumbani. Siku moja afande mmoja aliyekuwa amepitia faili lake alimwita kwenye turubai, mbele ya mzee wa Kisomali aliyekamatwa na ngamia wake, akamwambia, “Wewe ni wa hapa. Tafsiri.”

Baba hakujua Kisomali. Alijua Kipokomo, Kiswahili, na Kiorma cha kununulia maziwa. Akajaribu hicho Kiorma. Mzee akamtazama kwa huruma, akamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha afande. Mambo yakaishia hapo na ngamia wakarudishwa, lakini baba hakusahau jinsi afande alivyomkodolea macho, akijiuliza huyu askari asiyejua lugha ya kwao ni nani hasa.

Kwa nini hakuomba kurekebishiwa akiwa bado kazini? Nilimwuliza nilipokuwa mkubwa wa kuuliza. Alinijibu kwamba jeshini anayesema faili limekosea ndiye anayeandikwa kosa. Aliwahi kumgusia karani wa kikosi, akaambiwa mambo hayo hutengenezwa mtu akistaafu. Alistaafu mwaka 1986, akiwa sajini, baada ya miaka 21, akakabidhiwa cheti chake cha kumaliza utumishi. Th. Garissa. 1946.

Siku hizo mtu akitoka jeshini alianza upya kutafuta karatasi za kiraia, na ya kwanza ilikuwa kipande. Baba alikwenda kuandikishwa pale Garsen. Karani wa usajili alikuwa kijana wa pande za Tarasaa, anayejua kuandika majina yetu bila kuuliza mara mbili. Wazee wa Gasa, baraza letu la Kipokomo, wakaitwa kuthibitisha kwamba ni mtoto wa fulani bin fulani, kazaliwa kijiji fulani, rika la fulani. Wakakadiria 1942, karani akaandika. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa karatasi ya serikali kusema kweli juu ya baba yangu, na taabu yote ilianzia hapo.

Kwa miaka kadhaa hakuna aliyezilinganisha karatasi hizo mbili. Pensheni ilikuja, ndogo lakini ya kutegemewa. Ilitulipia karo, ilinunua mbegu za mpunga, ilimwezesha baba kuketi chini ya mwembe wake wa ngowe akasikiliza redio na kubishana na taarifa ya habari. Kisha katikati ya miaka ya tisini vikatoka vitambulisho vipya, na kila mlipwaji akatakiwa kupeleka nakala. Mtu fulani mahali fulani, karatasi zote mbili ziko mbele yake, akaona ambalo wengine hawakuliona. Malipo yakasimama.

Barua ya kueleza sababu ilitumwa kwa anwani iliyokuwa kwenye faili, ndiyo kusema Garissa, zaidi ya kilomita 200 juu mtoni. Ilikaa posta huko hadi mwalimu mmoja, aliyewahi kufundisha kwetu, alipoliona jina likamkumbusha mtu. Akampa dereva wa lori la mifugo. Tulipoifungua, siku tulizopewa za kujibu zilikuwa zimekwisha kupita zamani.

Tukiwa bado tunajipanga kujibu, mvua ikaanza. Ilikuwa Oktoba 1997. Wazee wetu walikuwa na mafuriko yao ya 1961 ya kutusimulia. Sasa nasi tukapata yetu, ya El Niño. Mto ulivunja kingo, ukaingia mashambani, ukaingia jikoni. Barabara ya Malindi ilikatika, Garsen ikazungukwa na maji, na chakula cha msaada kikawa cha kuletwa kwa boti na kwa ndege. Sisi tulihamia mwinuko wa karibu kwa mtumbwi, mama na kuku mbele, baba nyuma na mkebe wa bati mapajani. Ndani ya mkebe huo mlikuwa na maisha yake yote ya uaskari.

Maji yaliuingia mkebe kupitia kwenye ribiti. Siku jua lilipotoka tulitandika jamvi, tukazianika karatasi moja moja, kila pembe tukiiwekea kokwa la embe zisipeperuke. Nakumbuka cheti cha kumaliza utumishi kuliko vyote. Kilikuwa kimevimba na kunuka tope. Wino wa buluu ulikuwa umetapakaa ukawa wingu. Namba ya jeshi ilisimama imara, kwa kuwa ilipigwa taipu. Garissa ilisimama, th ilisimama, 1946 ilisimama, yote kwa taipu. Kilichofutika ni sahihi ya baba. Aliinama akaangalia pale palipokuwa na sahihi yake, akacheka peke yake, akasema, “Afadhali hiyo imetoka.”

Maji yalipopungua tukaanza kazi. Chifu alitoa barua na muhuri. Siku hizo barua ya chifu ilifika kwa DO, afisa wa tarafa; ya DO ilifika kwa DC, mkuu wa wilaya, Hola; ya DC, tuliambiwa, ingefika Nairobi, lakini si bila viapo. Viapo vinataka wakili, na wakili alikuwa Malindi.

Mashahidi wakawa wawili. Wa kwanza ni shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye wakati ule macho yalikuwa yameanza kufifia lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Wa pili ni mzee wa Kiorma wa upande wa Dide Waride, aliyechunga ndama na baba walipokuwa watoto, msimu ambao ng'ombe hushuka mtoni na wakulima na wafugaji hulazimika kujuana. DO alishangaa kidogo kwa nini Mpokomo anakuja na shahidi Mworma. Baba akamjibu kwamba anataka shahidi ambaye hana shamba la kurithi.

Wakili alikuwa kijana mpole mwenye tai. Alimwuliza shangazi alijuaje kwamba ndugu yake alizaliwa 1942.

“Mimi 1942 siijui,” shangazi akasema. “Nyinyi wasomi ndio mnaoijua. Ninalolijua ni kwamba baba yetu alirudi likizo, vita vya Kismayu vimekwisha, amevaa koti la Keya. Akakaa mpaka mahindi yakakomaa. Akaondoka, kamwacha mama na mimba. Na ile njaa kubwa ya wakati wa vita ilimkuta huyu anatambaa, mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba.”

Wakili akaweka kalamu chini, akahesabu kwa vidole. Kismayu iliangukia mikononi mwa Waingereza Februari 1941. Likizo, mavuno, miezi tisa. Njaa ni ya 1943. Akafika 1942 bila msaada wa mtu. Nimeona mahesabu mengi ya serikali tangu siku hiyo, na sijaona lililo safi kuliko lile la shangazi, ambaye hakujua kusoma saa.

Hospitalini mambo yalikuwa mengine. Asiye na cheti cha kuzaliwa hupelekwa kwa daktari akadiriwe umri, na daktari tuliyempata alimwambia baba afungue mdomo. Baba akanigeukia. Mara ya pili mwaka wake unatafutwa mdomoni, na safari hii meno yenyewe yalikuwa yamepungua. Cheti kikasema umri wake ni zaidi ya miaka 50. Kwa kipimo hicho 1942 ilikuwa sahihi, 1946 ilikuwa sahihi, na kama angedai 1930 pia isingepingwa. Tulilipa, tukakiambatisha.

Lililotukwamisha halikuwa umri, lilikuwa jina. Wakili alieleza kwamba njia fupi ni hati ya kubadili jina: unaapa, unasajili, linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, mambo yamekwisha. Akatuwekea mfano wake mezani. Baba aliusoma polepole, mdomo ukichezacheza. Hati ya namna hiyo humtaka mtu atamke kwamba analiacha na kulikana kabisa jina lake la zamani, na tangu leo anachukua jipya.

“Nikitia sahihi hapa,” baba akauliza, “Gazeti litasema nilikuwa nani?”

“Litasema ulikuwa huyu wa th, na sasa ni huyu wa dh.”

“Basi watakuwa wameuchapisha uongo mara ya pili, tena kwa pesa zangu.”

“Mzee wangu, ni karatasi tu.”

“Mwanangu, hata ile ya 1965 ilikuwa karatasi tu.”

Akakataa. Alisema hana jina jipya la kuchukua. Hilo la dh alipewa na babake, na hilo la th hakuwa nalo hata siku moja, atalikanaje? Tulirudi Garsen bila hati. Mama alimwona mkaidi na hakumficha. Alikuwa na hoja: mdogo wangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo, duka limetufungia daftari la mkopo, na heshima haipikwi ikaliwa. Baba naye alikuwa na hoja: akishakubali kwamba alikuwa mtu wa th, basi karani wa uwanjani atakuwa ndiye baba yake mzazi. Wote wawili walisema kweli, na ndiyo maana nyumba iliwaka moto kwa wiki kadhaa, watoto tukila chakula kimya.

Wakili ndiye aliyetuokoa. Alituma salamu kwa basi kwamba ipo njia nyingine, hati ya kiapo ya kueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na kwamba tahajia iliyo kwenye kumbukumbu za utumishi iliingia kwa kosa la mwandishi. Baba akaisoma hiyo mara kadhaa akitafuta mtego. Aliporidhika kwamba ndani yake hakani kitu wala hachukui kitu, aliitia sahihi kwa herufi kubwa kubwa, dh ikionekana kutoka ng'ambo ya meza.

Safari ya Nairobi ilikuwa ya kuombea dua. Zamani zile mabasi ya upande wetu yalikwenda kwa msafara, polisi wenye bunduki mbele na nyuma, kwa ajili ya majambazi wa porini. Baba, aliyepigana Shifta, aliketi karibu na mlango akiwakagua wale polisi na kunong'ona makosa yao: huyu ameishika bunduki kama jembe, yule amelala. Malindi tukashuka, Mombasa tukabadili, asubuhi tukaingia Nairobi miguu imevimba.

Kwenye kaunta ya ofisi ya jeshi palikuwa na koplo kijana. Tulikuwa na bahasha nene ya viapo, barua, mihuri na cheti cha meno. Koplo hakuitazama. Akauliza tu, “Mzee, namba yako?”

Baba, ambaye njia nzima alikuwa akilalamika mgongo, alinyooka. Visigino vikagongana ndani ya viatu vya ngozi vilivyochakaa. Akaitoa namba yote kwa pumzi moja, tarakimu hadi tarakimu, kwa sauti iliyowafanya watu kwenye benchi wainue vichwa. Koplo naye, bila kufikiri, akasimama.

Faili likaletwa. Lilikuwa la kaki, limefungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na kila kitu: saizi ya buti, saizi ya kofia, chanjo zote na tarehe zake, kovu la goti la kushoto, kozi alizofaulu na aliyofeli. Jeshi lilimjua mpaka unyayoni. Na katikati kulikuwa na karatasi ya adhabu, mwaka 1971, siku kadhaa za kufungiwa kambini kwa kuchelewa kurudi likizo. Aliyeiandika alijaza sababu aliyoitoa mkosaji: kivuko cha Garsen kilisimama kwa sababu ya maji mengi. Alikiita kisingizio. Lakini Garsen aliiandika sawasawa, herufi zote sita.

Wenye kukijua kivuko kile watacheka. Kilikuwa cha kuvutwa kwa kamba na mikono ya watu, na mto ukijaa kilitulia upande wake na abiria nao wakatulia upande wao, awe askari, awe bibi harusi. Baba aliitumikia adhabu ile kwa uchungu, akiona ameonewa. Sasa ikawa ndiyo ushahidi wake mkubwa, uliotoka mle mle kwenye faili, ulioandikwa na mtu asiyempenda.

Koplo alimwita afisa, afisa akaagiza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria kuanzia kwa chifu hadi kwa daktari: alama za vidole. Zilikuwepo kwenye faili tangu 1965. Wakamchovya baba vidole kwenye wino, wakalinganisha. Alama za vidole hazina th wala dh. Tungeweza kuanzia hapo tusiisumbue miguu ya shangazi, kama kuna aliyetuambia.

Majibu yalikuja kwa barua, safari hii kupitia Garsen. Mahali pa kuzaliwa pamerekebishwa. Jina: faili litaonyesha kwamba tahajia zote mbili ni za mtu mmoja, na dh itumike katika malipo. Mwaka wa kuzaliwa: hautabadilishwa, kwa kuwa mwaka unaotambuliwa ni ule uliotolewa siku ya kuandikwa kazini. Hiyo ndiyo desturi ya utumishi wa serikali kwa jumla, na ina sababu zake. Bila hiyo kila anayekaribia kustaafu angezaliwa upya. Baba akaikunja barua, akasema, “Mbili kwa tatu. Hata Arusha hawakupata zote.” Malipo yakafunguliwa pamoja na sehemu ya malimbikizo, na mdogo wangu akarudi shule. Shangazi alifariki kabla ya mwaka kupita tangu aapishwe.

Baadaye baba akapata tamaa ya kurekebisha na ile d ya babu. Kwa Keya hakuna kaunta ya kusimama mbele yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wao hata la kukosewa hawakulipata. Babu alipigana vita vilivyofuata, alirudi, na kitabu chake cha Keya tunacho, d na yote.

Baba alifariki mwaka 2011. Tulipopeleka madai ya mama, faili likafunguliwa tena, na kwenye fomu ya jamaa wa karibu jina la mama lilikuwa limepunguzwa herufi. Tulijua la kufanya. Tuliandika barua moja, tukataja Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomgusa. Tukaambatisha kiapo, cheti cha ndoa, na nakala ya ile barua ya kwanza. Haikuchukua hata msimu mmoja wa mpunga. Siku hizi iko pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019, inayosema jambo hilo hilo kwa urefu zaidi.

Kwa hiyo wewe mwenye mzee wa jeshi nyumbani, usingoje barua ikusute. Toa cheti chake cha kumaliza utumishi, kitambulisho, cheti cha ndoa na kadi ya benki, uvilinganishe herufi kwa herufi, yeye akiwapo. Ukikuta tofauti, watafute wanaomjua tangu utotoni, uwapeleke kwa wakili wiki hii hii, maana hao ndio wanaopungua haraka kuliko karatasi. Omba alama za vidole zilinganishwe kabla ya jambo jingine lolote. Usikubali kutia sahihi hati ya kukana jina ambalo hukuwa nalo. Na juu kabisa ya barua yako, kabla ya salamu, andika namba ya jeshi.